Soko Letu Limekuwa Yai Tangu Lini? Mazungumzo juu ya umbo la pikseli katika filamu zetu

Ndugu wasomaji, hapa chini tunawatolea mazungumzo ya fundi mmoja wa montaji. Aliyatoa mbele ya vijana wanaotayarisha filamu za kujenga amani na kuzionyesha vijijini. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Yanahusu jambo la ufundi, lakini hata msomaji asiyegusa kompyuta ataona kwa nini tumeyaweka katika gazeti hili.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kuingiza picha pana na michoro katika kompyuta ya montaji. Najua wengine wamekuja hapa kusikia juu ya upatanisho, na sasa wanajiuliza huyu fundi anataka nini na hesabu zake. Mnivumilie. Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe. Hesabu zitafuata, na hazitakuwa nyingi.

Filamu niliyoiharibu

Miaka mingi iliyopita tulimpiga picha mama mmoja aliyepoteza shamba lake wakati wa vita, kisha akakubali kuketi na jirani aliyelichukua. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Kamera yetu ilikuwa ya kaseti ndogo za DV, nasi tulikuwa tumeiweka katika hali ya picha pana, ile ya 16 kwa 9. Nilipofika kwenye kompyuta nilifungua mradi wa zamani uliopangwa kwa televisheni ya kawaida, ile ya 4 kwa 3. Programu haikulalamika. Picha ikaingia, sauti ikaingia, nikakata, nikaunganisha. Usiku ule nilikuwa na haraka, maana gari lilikuwa linaondoka alfajiri.

Tulionyesha filamu ile katika uwanja wa shule, juu ya kitambaa cheupe. Mama akatokea. Uso wake ulikuwa mrefu na mwembamba, shingo imevutwa, pua imebanwa. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mashine, nikasikia manung'uniko yanaanza upande wa vijana. Mmoja akasema, “Huyu si wa hapa. Mtazameni sura.” Mwingine akataja kabila. Baada ya dakika chache hakuna aliyekuwa anasikiliza tena maneno ya yule mama.

Ndugu zangu, ninyi mnaijua nchi hii. Mwezi wa Agosti 1998, mjini Kinshasa, watu waliwindwa na kuuawa kwa sababu walidhaniwa kuwa Watutsi, na wengine walihukumiwa kwa kutazamwa tu pua na urefu wao. Ng'ambo ya mpaka, kule Rwanda, utawala wa Wabelgiji ulianza katika miaka ya 1930 kuandika kabila la mtu katika kitambulisho chake, na wataalamu wa nyakati zile walizunguka wakipima pua na vichwa vya watu. Kazi hiyo ya kupima sura imetuletea makaburi mengi. Na mimi, bila kujua, nilikuwa nimempima mama yule upya na kumpa sura isiyo yake.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, kaka yake mkubwa akanijia. Hakupaza sauti. Alisema, “Kijana wangu, mlimchukua dada yangu kwa kamera, na leo mmeturudishia mtu mwingine.”

Tulisahihisha filamu na kurudi baada ya wiki tatu. Watu walikuja, lakini si wote waliokuwapo mara ya kwanza. Wale ambao hawakurudi wamebaki na sura ile ya kwanza mpaka leo. Ndiyo sababu nasema kwamba jambo hili dogo la pikseli ni sehemu ya kazi yetu ya amani.

Ukuta wa matofali

Picha ya video ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali. Tofali moja ndiyo pikseli moja. Katika mfumo wa mistari 625, wenye picha 25 kwa sekunde, picha ya DV ina matofali 720 kwa upana na matofali 576 kwa kimo. Sasa sikilizeni vizuri: picha ya kawaida ina 720 kwa 576, na picha pana nayo ina 720 kwa 576. Hesabu ya matofali ni ileile. Tofauti iko wapi basi? Iko katika upana wa tofali lenyewe. Mjenzi mmoja akitumia matofali mapana na mwingine matofali membamba, kuta zao zitatofautiana kwa urefu hata kama kila mmoja amepanga matofali 720.

Gawanyeni 720 kwa 576, mtapata 1.25. Kama pikseli zingekuwa mraba, picha yetu ingekuwa 5 kwa 4, umbo lisilo la televisheni ya kawaida wala la televisheni pana. Ili kupata 4 kwa 3, kila pikseli huhesabiwa kuwa na upana wa mara 1.07 hivi ya kimo chake. Ili kupata 16 kwa 9, huhesabiwa mara 1.42 hivi.

Msidhani jambo hili lilitokana na ujinga wa mafundi. Lilitokana na mapatano. Zamani dunia ya televisheni iligawanyika: Marekani na Japani walitumia mistari 525, Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika mistari 625. Mwaka 1982 mafundi wa mataifa walipitisha kanuni moja ya televisheni ya dijitali, inayojulikana kwa namba 601. Walikubaliana kupima picha kwa mwendo mmoja, mara milioni 13.5 kwa sekunde, na kila mstari uwe na pikseli 720 kwa pande zote mbili. Kila upande uliacha kitu. Gharama yake ni kwamba pikseli hazikuwa mraba, si kwa hawa wala si kwa wale. Sisi tunaokuja baadaye tunapaswa kujua walipatana nini, la sivyo tunaharibu kazi yao kila tunapofungua kompyuta.

Sasa mtaelewa kosa langu. Picha ya mama yule ilikuwa ya 1.42, mradi wangu ukaisoma kama ya 1.07. Gawanyeni 1.07 kwa 1.42, mtapata robo tatu. Uso wake ulibaki na robo tatu tu ya upana wake. Ukikosea kwa njia nyingine, ukisoma picha ya kawaida kana kwamba ni pana, uso unaongezeka theluthi moja kwa upana na mtu anaonekana amevimba. Watu watacheka, na aliyekuja kutoa ushuhuda wake atageuzwa kichekesho.

Soko na yai

Picha za kamera ni nusu ya shida. Nusu nyingine ni michoro: ramani, vichwa vya filamu, na majina tunayoweka chini ya anayesema. Hapo nilifanya kosa la pili, siku ileile nilipokuwa nasahihisha la kwanza.

Filamu yetu ilikuwa na ramani ya vijiji viwili vinavyotumia soko moja. Soko lilikuwa katikati, limezungushiwa duara. Kijiji kimoja kilikuwa ukingoni mwa kushoto, cha pili ukingoni mwa kulia. Ramani hiyo niliichora kwa pikseli mraba kwa ajili ya mradi wa kawaida, nayo haikuwa na kosa. Lakini mimi, katika kurekebisha uso wa mama, nilichukua kila kitu kilichokuwa katika mradi na kukivuta kwa upana mpaka asilimia 133. Nyuso zikarudi kuwa nyuso. Nikafurahi.

Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa ameketi nyuma yangu. Akaniuliza, “Soko letu limekuwa yai tangu lini?” Nikatazama. Kweli, duara limekuwa yai. Halafu akauliza tena, “Na vijiji vyenyewe viko wapi?” Majina yote mawili yalikuwa yamesukumwa nje ya picha, la kwanza limetoweka lote, la pili limebaki na herufi tatu. Hebu fikirini: tunakwenda kuonyesha filamu juu ya mapatano, na ramani yetu imekifuta kijiji kimoja. Nani angetuamini kwamba ni kosa la kompyuta?

Mchoro uingizwe namna gani

Mchoro unaotengenezwa kwa Photoshop au GIMP, kwa kawaida, una pikseli mraba. Basi uchoreni kwa vipimo vya umbo linaloonekana kwa macho. Kwa picha pana ya DV, vipimo vya zamani ni 1024 kwa 576. Uingizeni hivyohivyo. Programu ya montaji itaubana yenyewe kwa ndani mpaka upana wa 720, kisha itaupanua tena wakati wa kuonyesha, na duara litabaki duara. Msiubane wenyewe mpaka 720 kabla ya kuuingiza mkidhani mnaisaidia programu. Faili ya mchoro mara nyingi haibebi alama ya umbo la pikseli, kwa hiyo programu hukisia kwa kutazama vipimo. Premiere na After Effects zikiona faili ya 720 kwa 576, hukisia kwamba ni DV ya kawaida ya 4 kwa 3. Hapo mchoro wenu mpana utatokea umebanwa, wenye mapengo meusi pembeni.

Msishangae pia mkikuta namba mbili kwa jambo moja. Katika programu za Adobe za kabla ya CS4, iliyotoka mwaka 2008, pikseli ya kawaida ni 1.067 na ya picha pana 1.422. Tangu CS4 namba zimekuwa 1.0940 na 1.4587, kwa sababu walianza kuzingatia kwamba pikseli chache za ukingoni katika zile 720 haziingii katika picha halisi. Kwa hiyo mchoro wa 1024 ukiingia katika mradi wa siku hizi utaacha ufito mwembamba mweusi kila upande. Msiuvute ili kuufunika. Chora upya kwa 1050 kwa 576. Na kwa picha ya kawaida, mahali pa 768 kwa 576 tumieni 788 kwa 576.

Hatua sita za kufuata

Nimeziandika ubaoni. Mwenye daftari aziandike.

1. Jua ulichonacho. Andika juu ya kila kaseti na kila kasha la faili kama picha ni ya kawaida au pana. Kalamu ya leo itaokoa usiku mzima wa kesho.

2. Fungua mradi unaofaa filamu unayotaka kutoa. Usitumie mradi uliobaki wa jana kwa sababu tu uko karibu.

3. Iambie programu ukweli kuhusu kila faili. Katika Premiere, bofya kulia juu ya jina la faili katika orodha ya mradi, ingia mahali pa kuonyesha namna faili inavyosomwa, kisha chagua umbo la pikseli. Katika DaVinci Resolve utalikuta kwenye sifa za klipu. Usivute picha kwa mkono juu ya mradi kama nilivyofanya. Ukirekebisha faili kwenye chanzo chake, kila kipande chake kinarekebishika pamoja, na vitu visivyo na kosa havitaguswa.

4. Chora michoro kwa pikseli mraba, na uache nafasi pembeni. Jina la mtu au la kijiji lisikaribie ukingo. Acheni kama asilimia 10 ya picha kila upande, kwa maana televisheni za zamani hukata pembeni.

5. Weka duara. Kabla ya kazi yoyote, ingiza mchoro mmoja wenye duara tupu na uutazame. Usitegemee macho peke yake: weka rula juu ya skrini, upime upana wake na kimo chake. Vikilingana, endelea. Visipolingana, simama hapohapo.

6. Tazama filamu yote kwa mashine ileile itakayotumika kijijini. Si kwa kompyuta yako peke yake.

Hatua ya sita ina sababu yake. Filamu inaweza kutoka mikononi mwako ikiwa nzuri na kuharibiwa njiani. Kichezeshi cha DVD kina mahali pa kuchagua televisheni ya 4 kwa 3 au ya 16 kwa 9. Projekta nayo ina kitufe chake cha umbo la picha. Mtu mmoja akivigusa, yule mama anakuwa mwembamba tena. Kama mnaonyesha kwa kompyuta yenye VLC, herufi A kwenye kibodi hubadilisha umbo la picha, basi angalieni asiyejua asiibonyeze katikati ya filamu. Na ile duara ya hatua ya tano msiifute. Iwekeni mwanzo wa faili ya majaribio, muionyeshe juu ya kitambaa kabla watu hawajaketi. Hata mtoto anaweza kuwaambia kama ni duara au yai.

Kaseti za zamani na simu za leo

Kijana mmoja ameniuliza asubuhi, “Baba, siku hizi si tunapiga picha kwa simu? Mambo hayo ya 720 hayajapita?” Swali lake ni zuri. Ni kweli kwamba simu na kamera nyingi za leo hutoa picha ya 1920 kwa 1080 yenye pikseli mraba. Mkitumia picha hizo peke yake, shida hii hamtaiona sana.

Lakini kumbukumbu zetu ziko wapi? Mikutano ya upatanisho tuliyoirekodi katika miaka ya 2000, wazee waliokwisha kufariki, kurudi kwa wakimbizi, yote yako katika kaseti za DV. Tena kamera nyingi za HDV zilikuwa na mtego wao: picha yao ni 1440 kwa 1080, na kila pikseli ina upana wa mara 1.33 ya kimo chake ili kujaza 1920. Leo mnatoa picha hizo katika kaseti na kuziingiza pamoja na zile za simu. Hapo ndipo nyuso zinapobanwa au kuvimba, nanyi hamtajua kwa sababu hamkuwapo siku ya kupiga picha wala hamkuwafahamu wale wazee.

Mkiingiza picha ya zamani ya 4 kwa 3 katika mradi wa 1920 kwa 1080, mpeni mzee nafasi yake ya haki: upana wa 1440, na weusi wa 240 kila upande. Wengine wanaona weusi huo ni aibu, wanavuta picha ijae. Wengine wanaikuza mpaka kichwa au mikono inakatwa. Weusi huo si aibu. Unamwambia mtazamaji kwamba picha hii ni ya wakati mwingine, na kwamba hatukuigusa.

Mwenye uso aone kwanza

Nimalize kwa desturi moja tuliyoianza baada ya yale niliyowasimulia. Kabla ya filamu kwenda mbele ya watu wengi, tunamtafuta aliyepigwa picha, au ndugu yake wa karibu, tumwonyeshe. Hatumwulizi juu ya pikseli. Tunamwuliza maswali mawili: Je, huyu ni wewe? Je, maneno haya ni yako? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, tunakwenda. Akisita, tunarudi kwenye mashine.

Yule mama naye tulimwonyesha filamu iliyosahihishwa kabla ya kurudi pale uwanjani. Alitazama mpaka mwisho bila kusema. Kisha akasema, “Sasa ni mimi. Muwaonyeshe.” Kaka yake alikuwa mlangoni. Yeye hakusema neno, lakini siku ile alibeba kitambaa chetu mpaka uwanjani.

Watu wanatupa sura zao kwa kututumaini. Wengine wametuonyesha uso wakati kuuficha kungekuwa salama zaidi. Tuwarudishie kama tulivyoupokea, usipungue upana, usiongezeke kimo. Ninyi mafundi vijana, mkiwa na haraka usiku na gari linaondoka alfajiri, kumbukeni kuweka lile duara kwanza.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Je, katika mahali penu kumewahi kutokea kwamba picha au ramani ilileta manung'uniko? Ilikuwa nini, na nani aliisahihisha?

Ni nani katika kikundi chenu anayehakikisha umbo la picha kabla ya kuonyesha filamu? Kama hayuko, mtamchagua lini?

Watu mliowapiga picha mwaka uliopita, ni wangapi wameona filamu yao kabla ya wengine?